Risasi Isiyo Risasi: Historia ya Kaboni na Umeme

Mtoto apewapo kalamu ya risasi kwa mara ya kwanza hupewa pamoja nayo kosa moja la kale. Ndani ya kalamu ile hamna risasi hata chembe. Kile kitu cheusi kinachoandika ni kaboni, ndugu wa makaa ya jikoni na ndugu wa almasi. Kosa hili si letu peke yetu. Waarabu husema qalam rasas, na rasas kwao ni risasi. Wajerumani husema Bleistift, neno lililojengwa juu ya Blei, ambayo nayo ni risasi. Na Waingereza huzungumza juu ya risasi ya kalamu mpaka leo. Majina ya vitu huhifadhi fikira za watu waliotangulia, na pengine huhifadhi makosa yao vilevile.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi kosa hilo lilivyofichuliwa, na jinsi kufichuliwa kwake kulivyozaa swali lililo gumu zaidi: mbona kaboni ikiwa katika umbo la grafiti hupitisha umeme, na ikiwa katika umbo la almasi huuzuia? Kama kalamu ingalikuwa na risasi kweli, pasingalikuwa na la kuuliza, kwa maana risasi ni madini ya metali, na metali zote hupitisha umeme. Lakini mara ilipojulikana kwamba ile ni kaboni, fumbo lilisimama. Wataalamu walihitaji kama miaka 150 kulifumbua, na jibu walilolipata lina fundisho kwa watu wa maneno sawasawa na kwa watu wa maabara.

Jina na kosa lake

Katika karne ya 16, katika vilima vya Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, kulipatikana jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa kidogo, lililochafua vidole vya kila aliyelishika. Wachungaji walilitumia kutia alama kondoo wao. Baadaye lilikatwa vipande vyembamba, likavikwa uzi au mbao, likawa chombo cha kuandikia. Mwaka 1565 mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gessner, alitoa kitabu juu ya vitu vichimbwavyo ardhini, na ndani yake alieleza na kuchora kalamu ya namna hiyo.

Kwa nini basi jiwe hili liliitwa risasi? Sababu ni kwamba kabla yake waandishi walikuwa wakitumia risasi ya kweli kuchora mistari juu ya ngozi na karatasi, maana risasi ikikwaruzwa huacha alama ya kijivu. Jiwe jipya lilifanya kazi ileile, tena kwa alama nyeusi zaidi. Watu wakaliita risasi nyeusi. Wenye elimu ya Kilatini wakaliita plumbago, kutokana na plumbum, risasi. Jiwe jingine lililofanana nalo, ambalo ndani yake mna metali iitwayo molibdeni, nalo lilipewa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya risasi. Mawe matatu mbalimbali yakakaa chini ya jina moja kwa sababu yote matatu yalichafua vidole.

Mizani peke yake ingalitosha kuonyesha tofauti. Risasi ni nzito kuliko maji mara 11 na zaidi, hali grafiti huyazidi maji kwa mara mbili na kitu kidogo tu. Lakini mtu hapimi kitu ambacho jina lake limekwisha kumwambia ni kitu gani.

Kaharabu, almasi na makaa

Elimu ya umeme nayo ilianza na jiwe la mapambo. Kaharabu ikisuguliwa huvuta makapi na nyuzi. Neno lenyewe, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kinyang'anyi cha makapi. Kiarabu cha leo kimelifanya kuwa jina la umeme. Wayunani waliiita kaharabu elektron, na kutokana na neno hilo mataifa ya Ulaya yamejenga majina yao ya umeme. Kiswahili kimeshika njia yake chenyewe kwa kuuita umeme kwa jina la mwako wa mawingu.

Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza, William Gilbert, alitoa kitabu chake juu ya sumaku. Alikuwa amejaribu vitu vingi kwa kuvisugua na kuvisogeza karibu na sindano nyepesi inayozunguka. Akaona kwamba uwezo wa kaharabu unapatikana katika vitu vingine pia, na miongoni mwa hivyo akaitaja almasi. Hapo hapakuwa bado na fikira ya kupitisha umeme na kuuzuia. Lakini mwaka 1729 Stephen Gray alionyesha kwamba umeme waweza kusafiri kutoka kitu hata kitu, na kwamba vitu havilingani katika jambo hili: uzi wa hariri huushika usiondoke, na waya wa shaba huuachia upite. Tokea hapo vitu vyote vikagawanywa makundi mawili, vipitishi na vihami. Vile vishikavyo umeme wa kusuguliwa, kama kaharabu na almasi, vikawekwa katika vihami. Katika vipitishi ziliwekwa metali na maji, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mlango ule hauna wengine wa kuingia.

Aliyeuvunja mpaka huo ni Joseph Priestley. Mwaka 1766 alijaribu makaa ya kuni, akaona kwamba yanapitisha umeme. Mwaka uliofuata akalitangaza jambo hilo katika kitabu chake cha historia ya umeme. Makaa si metali wala si maji. Hutokana na mti, na mti mkavu haupitishi umeme. Kumbe moto uligeuza kihami kuwa kipitishi! Priestley hakuridhika na hapo. Katika maandiko aliyoyatoa mwaka 1770 alionyesha kwamba makaa hayako sawa, na kwamba uwezo wao wafuata ukali wa moto uliotumika kuyachoma. Neno hili lilikaa bila ya maelezo kwa miaka karibu 200, nasi tutalirudia mbele.

Asili moja

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiichunguza almasi kwa njia iliyo ghali. Mwaka 1772 Antoine Lavoisier na wenzake katika Paris walikusanya miali ya jua kwa lenzi kubwa na kuielekeza juu ya almasi. Almasi iliyofichwa isiguswe na hewa ilisalimika. Iliyo katika hewa ilitoweka. Hewa iliyobaki, ilipokutanishwa na maji ya chokaa, iliyafanya yawe meupe kama maziwa, jambo lilelile linalofanywa na hewa ya makaa yanayoungua. Lavoisier aliuona mfano huo, lakini alisita kusema kwamba kito cha thamani na makaa ni kitu kimoja.

Mwaka 1779 ilikuwa zamu ya risasi nyeusi. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, alikuwa amekwisha kulitenga lile jiwe la molibdeni mwaka uliotangulia. Sasa aliichoma plumbago pamoja na shura, na alichokipata ni hewa ileile itokayo katika makaa. Risasi haikuonekana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1789, Abraham Gottlob Werner wa Ujerumani aliona kwamba jiwe hili lastahili jina lisilo na uongo, akaliita grafiti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Jina hilo halisemi kitu chenyewe ni nini. Lasema tu kitu chafanya nini, na kwa hiyo halikukosea.

Hata hivyo watu hawakuiacha metali upesi. Mwaka 1786 wataalamu watatu wa Ufaransa, Berthollet, Monge na Vandermonde, walisema kwamba plumbago ni kaboni iliyofungamana na chuma kidogo, na fikira hiyo ilidumu miaka mingi. Huenda ilipendeza kwa sababu ilirahisisha mambo: kitu king'aacho na kupitisha umeme kilionekana kuwa lazima kiwe na metali mahali fulani ndani yake.

Ushahidi juu ya almasi ulikamilika mwaka 1797. Smithson Tennant wa Uingereza alitia almasi na shura katika mrija wa dhahabu, akautia moto, kisha akapima hewa iliyopatikana. Kiasi chake kilikuwa sawa na kile kitokacho katika makaa yenye uzito uleule. Mwaka 1814 Humphry Davy, akisaidiwa na kijana Michael Faraday, aliichoma almasi katika mji wa Florence kwa lenzi kubwa ya mtawala wa Toscana. Hakupata kitu kingine ila hewa ya makaa. Basi mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa limekwisha kuthibitika kwamba makaa, grafiti na almasi zina asili moja. Asili hiyo iliitwa kaboni, kutokana na carbo, neno la Kilatini lenye maana ya kaa la moto. Waswahili walipoiita hewa ile hewa ya ukaa walipita njia ileile, wakifuata makaa yao wenyewe.

Lakini kuthibitisha kwamba vitu vitatu ni kimoja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza kwa nini vinatofautiana. Almasi hukata kioo, na grafiti hukatwa kwa ukucha. Almasi huachia nuru ipite, na grafiti huimeza. Almasi safi huuzuia umeme kuliko grafiti kwa zaidi ya mara milioni ya milioni. Wataalamu wa kemia walizoea kusema kwamba tabia ya kitu yatoka katika kile kilichomo ndani yake. Hapa kilichomo kilikuwa kilekile, na tabia zikapingana.

Mafundi hawakungoja jibu. Mwaka 1841 Robert Bunsen alitia kaboni mahali pa metali ya thamani katika betri yake. Mwaka 1866 Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na kaboni, mzazi wa betri za tochi tulizozizoea. Ule mti mweusi ambao watoto wetu huutoa katika betri iliyokufa na kuuchorea ukutani ni kaboni ya namna hiyo. Mwaka 1879 Thomas Edison aliwasha taa yake kwa uzi wa pamba uliogeuzwa makaa, na mwaka uliofuata akahamia kwenye nyuzi za mwanzi. Umeme ulikuwa ukipita katika kaboni ya nyumba na mitaa, na hakuna aliyejua unapitaje.

Mikono minne

Mwanzo wa jibu ulitoka kwa watu waliokuwa hawafikirii umeme kabisa. Mwaka 1858 August Kekulé wa Ujerumani alisema kwamba kila atomu ya kaboni ina nafasi nne za kushikana na nyingine. Kwa mfano wetu twaweza kusema ina mikono minne. Mwaka 1874 van 't Hoff wa Uholanzi na Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walisema kwamba mikono hiyo haikunyoshwa juu ya uso mmoja kama njia panda. Imeelekea kwenye pembe nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Hayo yalikuwa mawazo, kwa kuwa atomu haikuonekana.

Mwaka 1912 Max von Laue alionyesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele hutawanyika kwa utaratibu, na utaratibu huo ni habari za mpango wa atomu zilizomo. Mwaka uliofuata, 1913, William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence waliipima almasi kwa njia hiyo. Walikuta kila atomu imezungukwa na nne nyingine, zilizokaa katika pembe za piramidi, barabara kama van 't Hoff na Le Bel walivyokisia miaka 39 nyuma. Umbali kati ya jirani na jirani ni angstromu 1.54, na angstromu moja ni sehemu moja tu katika milioni elfu kumi za mita. Mikono yote minne imeshikwa, na kushikana huko kwaenda pande zote bila ya kukatika, hata fuwele nzima ni kama molekuli moja kubwa. Ndiyo maana almasi ni ngumu.

Grafiti ilikuwa ngumu zaidi kusomeka, maana fuwele zake nzuri ni haba. Mwaka 1924 J. D. Bernal, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi chini ya Bragg mkubwa katika London, alitoa ramani yake. Atomu za grafiti zimepangwa katika matabaka. Ndani ya tabaka kila atomu ina jirani watatu, si wanne, nazo hufanya pembesita zilizounganika kama vyumba vya sega la nyuki. Umbali kati ya jirani ni angstromu 1.42, mfupi kuliko ule wa almasi. Bali kutoka tabaka hata tabaka ni angstromu 3.35, mbali sana kwa atomu kushikana mikono. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alithibitisha kwa eksirei kwamba pete ya kaboni sita iliyo katika kemikali za jamaa ya benzini ni bapa kweli, na hivyo pembesita hizo zikawa jambo la hakika.

Wasomaji wa jarida hili hawatalistaajabia jambo hili kama walivyolistaajabia wanakemia. Chukua sauti nne za neno lima, uzipange upya, upate mali. Uzipange tena, upate imla. Hakuna sauti iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Mkulima, tajiri na mwalimu wametoka katika herufi zilezile, na hakuna mwanafunzi wa lugha atakayetafuta maana ya neno kwa kuhesabu herufi zake bila ya kutazama zimefuatana vipi. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa maana ya neno ni mapatano ya watu, hali tabia ya fuwele si mapatano. Lakini watosha kuonyesha kwamba mpango nao ni sehemu ya kitu.

Elektroni iliyobaki

Ramani ya Bernal ilionyesha mahali pa kutafuta. Atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje, na fungamano moja kati ya atomu mbili hutumia elektroni moja kutoka kila upande. Katika almasi zote nne zimetumika. Katika grafiti tatu zimetumika kwa jirani watatu, na moja imebaki. Mwaka 1931 Linus Pauling wa Marekani alieleza kwa hesabu za fizikia mpya jinsi kaboni iwezavyo kufungamana kwa njia hizi mbili. Elektroni ya nne katika grafiti si mali ya jirani huyu wala yule. Imesimama juu na chini ya uso wa tabaka, ikigusana na za wenzake wote, na kwa hiyo huwa ni ya tabaka zima.

Wakati huohuo Felix Bloch mwaka 1928 na Alan Wilson mwaka 1931 walikuwa wamejenga elimu ya jumla ya vipitishi na vihami. Tuifananishe na nyumba ya ghorofa. Elektroni hukaa ghorofa ya chini. Ikiwa ghorofa hiyo imejaa kabisa, hakuna awezaye kusogea, maana hakuna nafasi tupu ya kusogelea. Na ikiwa ghorofa ya juu iko mbali, hakuna awezaye kupanda. Nyumba hiyo ni kihami. Katika almasi mwanya kati ya ghorofa mbili ni elektronivolti 5.5, nao ni mkubwa mno kwa joto la kawaida kuwapandisha wakazi. Hata nuru tuionayo haina nguvu ya kuwapandisha, na kwa sababu hiyo hupita bila ya kumezwa: almasi ni angavu kwa sababu ileile inayoifanya izuie umeme.

Hesabu ya grafiti ilifanywa mwaka 1947 na P. R. Wallace katika Kanada. Wakati huo grafiti ilikuwa imepata heshima mpya, kwani mtambo wa kwanza wa nguvu za atomu, uliowashwa Chicago mwezi wa Desemba 1942, ulijengwa kwa matofali ya grafiti. Wallace alianza na tabaka moja tu, akaona kwamba ghorofa ya chini na ya juu zinagusana bila ya mwanya. Elektroni hazihitaji kupanda. Mlango u wazi. Walakini mahali pa kugusana ni padogo sana, na kwa hiyo wasafiri ni wachache kuliko katika shaba. Ndiyo sababu grafiti hupitisha umeme vizuri, lakini haifikii metali bora.

Tena umeme wake hauendi sawa pande zote. Kandokando ya tabaka hupita kwa wepesi; kutoka tabaka hata tabaka huzuilika kwa mamia hata maelfu ya mara zaidi. Matabaka hayakushikana kwa nguvu, na hapa ndipo historia yetu inaporudi mwanzo wake. Udhaifu huohuo kati ya tabaka na tabaka ndio unaoifanya grafiti iteleze, ichafue vidole, na iache alama juu ya karatasi. Sifa iliyowadanganya watu wa Borrowdale wakaiita risasi, na sifa iliyowashangaza watu wa umeme, ni matawi ya shina moja.

Deni la Priestley

Imebaki habari ya makaa. Mti ukichomwa pasipo hewa ya kutosha, kama katika matanuri ya udongo ya wachoma makaa wetu, hupoteza maji na hewa nyingine, na kaboni hubaki. Kwa moto mdogo kaboni hiyo hukaa katika vipande vidogo vya matabaka, vilivyotengana kama visiwa, na elektroni haiwezi kuvuka kutoka kimoja hata kingine. Joto likipita kiasi cha nyuzi 600 au 700 za sentigredi, visiwa hukua na kukutana, na umeme hupata njia. Hilo ndilo Priestley aliloliona mwaka 1770 bila ya kuweza kulieleza.

Aliyelipa sehemu kubwa ya deni hilo ni Rosalind Franklin, ambaye jina lake hukumbukwa zaidi kwa habari za chembe za urithi. Kati ya mwaka 1947 na 1950 alifanya kazi katika Paris juu ya kaboni, na mwaka 1951 alichapisha matokeo yake. Alizichoma kaboni za namna nyingi kwa joto lililokaribia nyuzi 3000, akazisoma kwa eksirei, akaona kwamba ziko kaboni za kabila mbili. Kabila la kwanza matabaka yake hujipanga kidogo kidogo mpaka yakawa grafiti. Kabila la pili matabaka yake yamefungamana kwa viungo vya mshazari tangu joto likiwa bado dogo, na hata moto ukizidishwa namna gani hayawi grafiti. Hubaki magumu, yenye vitundu. Makaa ya sukari ni ya kabila hili la pili. Basi si moto peke yake uamuao, bali pia jinsi vipande vilivyoshikana mwanzoni.

Kanuni hii imestahimili majaribio yote yaliyofuata. Mwaka 1952 J. F. H. Custers katika Afrika ya Kusini alieleza juu ya almasi chache zinazopitisha umeme kidogo. Baadaye ilijulikana kwamba zina atomu za boroni zilizoingia mahali pa kaboni. Boroni ina elektroni tatu tu za nje; pale ilipo, mkono mmoja hukosa wa kuushika, na nafasi tupu huzaliwa katika ghorofa iliyokuwa imejaa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov katika Manchester walibandua tabaka moja la grafiti kwa utepe wa gundi, na wakapima katika kitu halisi yale ambayo Wallace aliyapima kwa kalamu tu. Tabaka hilo huitwa grafini, nalo liliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 2010. Na mwaka 2018 wataalamu wa Marekani waliweka tabaka moja juu ya jingine na kulizungusha kiasi cha nyuzi 1.1 tu, katika baridi kali sana umeme ukapita bila ya ukinzani wowote. Hawakuongeza kitu ila pembe.

Neno juu ya maneno

Tujiulize sasa, tufanye nini na kalamu yetu ya risasi? Wako watakaosema tuiache, tuseme penseli. Lakini penseli nayo imetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mkia mdogo, kwa kuwa lilikuwa jina la brashi ya mchoraji. Tutakuwa tumetoka katika kosa moja na kuingia katika jingine. Atomu nayo kwa Kiyunani ni kitu kisichokatika, nayo imekwisha kukatwa. Lugha haiwezi kungoja elimu ikamilike ndipo itaje vitu. Jina la kale na libaki, mradi mwalimu asiliache lifundishe peke yake. Dakika tano za kueleza kwa nini kalamu huitwa ya risasi, na kwa nini haina risasi, zaweza kumfaa mwanafunzi kuliko ukurasa mzima wa kukariri.

Upungufu wenye hatari zaidi uko mahali pengine. Tunapotafuta istilahi za sayansi tumezoea kuanza na majina ya vitu: kaboni, grafiti, almasi, boroni. Majina hayo ni rahisi kukopa na rahisi kuandika. Lakini historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba mwenye majina ya vitu peke yake hawezi kueleza kwa nini almasi si grafiti. Anayehitajika kufafanua jambo hilo ahitaji maneno ya mpango: fungamano, tabaka, fuwele, mwanya, pembesita, ukinzani. Katika maneno haya Kiswahili si maskini. Lugha iliyo na funga, fungana, fungamana, fungua na fungamano ina zana kamili ya kusema habari za atomu zinazoshikana na kuachana, na mtoto aijuaye lugha hiyo huelewa nusu ya somo kabla ya somo kuanza. Neno lililokopwa lingalimpa sauti tu.

Jambo hili halihusu vitabu peke yake. Tanzania imejaliwa pande zote mbili za fumbo hili. Almasi zimechimbwa Mwadui, katika Shinyanga, tokea John Williamson alipoigundua amana yake mwaka 1940. Na grafiti iko katika miamba ya Mahenge, ya Lindi na ya Mererani. Zamani thamani ilikuwa yote upande wa kito. Siku hizi grafiti hutafutwa kwa bidii kwa ajili ya betri za magari, ambamo atomu za lithi huingia na kutoka kati ya matabaka yaleyale aliyoyachora Bernal mwaka 1924. Mchimbaji, mwalimu na mtunga sheria watazungumza juu ya mali hii kwa Kiswahili. Itakuwa hasara wakiijua kwa jina la risasi nyeusi, yaani kwa alama iliyoachwa juu ya vidole, wala wasijue ni kitu gani kilichomo ndani yake, na kimeshikanaje.